Telefone ya marehemu bwana yangu ndiyo tunayohitaji kujaribia

Mufiche jina langu, kwa sababu watu wa familia ya bwana yangu wanasomaka hii paji ya mutandao.

Niko mujane wa miaka ishirini na tisa, naishi hapa Bunia na mama mukwe. Bwana yangu alikufa na ugonjwa mwaka jana. Yeye na rafiki yake Deo walianza kutengeneza aplikasio ya telefone kwa ajili ya watu waliopotezana wakati wa kukimbia vita: unaandika jina la mutu wako, na kama naye anakutafuta, inakuonyesha. Alipokufa, mimi nilichukua nafasi yake.

Deo alikuwa anaijaribia kwa telefone yake mupya, ikatembea muzuri. Tukaipeleka kambini, kwa watu waliokimbia vita. Mama mumoja aliyekimbia kutoka Bule akatoa katelefone kake ka zamani, akaandika jina la mutoto wake. Aplikasio ikajifunga. Akaandika tena, ikajifunga tena. Akaniuliza polepole, "Dada, labda ni jina lake ndilo linakataliwa?"

Nikaangalia telefone za wengine. Karibu watu wote pale walikuwa na telefone ya aina ile.

Tuliporudi Deo akasema, "Tulikosea kuchagua telefone ya kujaribia. Tunapaswa kujaribia kwa ile ya zamani, ndiyo watu wanayo." Tulizunguka soko, haiuzwi tena. Watu wa kambi hawawezi kutuachia zao, ndizo wanapokelea habari za nyumbani. Lakini telefone ya bwana yangu ni aina ile ile. Mama mukwe ndiye anaitunza. Imejaa sauti za mutoto wake, haina nafasi tena ya aplikasio, na ili tujaribie, lazima tufute yote.

Nikamuelezea mama kwamba sauti tutazihamisha kwa telefone ingine, hata moja haitapotea. Akaniangalia sana.

"Miye sikusoma. Kwa hii najua mahali pa kufinya ili mutoto wangu aseme. Weye unataka nimuzike mara ya pili?"

Tangu siku ile anakataa chakula ninachopika. Na hata miye, nikisikia bwana yangu anacheka mule ndani, naacha kila kazi nasikiliza. Lakini Deo anasema watu kambini wameanza kuifuta aplikasio yetu, wanasema tuliwadanganya.

Leo mama ameenda kanisani, ameacha ile telefone kwa chaji. Deo ameketi hapa nje, ananingoja. Ndugu zangu, mungekuwa miye, mungemupa Deo ile telefone? Munishauri kabla mama arudi.