Salamu za Mwiko

Mpishi wetu wa harusi hampi mtu mkono. Hukunyooshea mwiko mkongwe asioupikia kitu, uutikise, naye acheke mpaka mtandio umteleze. Kisha Raiya, msaidizi wake, huusugua kwa sabuni. Kinga ya mwili wa mpishi imeshuka. Ukimwi hana, kapimwa mara tatu, na chanzo madaktari hawajakijua; yeye humeza dawa zake, huchemsha maji ya kunywa, wala hakosi kliniki Kilifi. Raiya hajamsahau ajuza aliyewamwagia kuku sahani ya pilau ya mpishi, kwa kuwa mtaani walimzushia mpishi huyo Ukimwi. Juzi, kwenye harusi ya mjukuu wake, ajuza huyohuyo aliingia jikoni akaushika mwiko kwa mikono miwili, hauachii.

"Nisamehe, mwanangu."

"Nishakusamehe, bibi," mpishi akaangua kicheko. "Achia basi, pilau inaungua!"