Mama, Maua na Mihuri ya Ndala

Jamani, nichekeni kwanza mmalize, maana nikianza kusimulia sitaki kukatizwa, na aibu yenyewe bado mbichi, mpaka leo nikiona kanga ya rangi ya machungwa masikio yananiwaka.

Ilikuwa Krismasi yangu ya kwanza ukweni, Lupaso, tangu nimwoe Maua, na nilichokuwa nakitaka ni kimoja tu, mama mkwe anipende, kwa sababu alikuwa bado hajanikubali (hakusema, lakini shikamoo zangu alizijibu "marahaba" fupi, kavu, basi). Nikanunua kanga doti mbili, moja yake, moja ya mke wangu. Maua akaniambia, "Andika majina kwa kalamu tufunge, tutachelewa." Kalamu! Mimi Mmakonde wa Newala, babu yangu kachonga vinyago mpaka vidole vikapinda, niandike kwa kalamu? Nikachukua ndala kuukuu na wembe, nikachonga mihuri mitatu: nyota, MAMA na MAUA. Nyota niliijaribu ikatoka safi, nikajisifu mwenyewe. Majina nikayagonga harakaharaka kwenye vikadi vya manila kwa wino wa muhuri wa zambarau, gari la Masasi linapiga honi nje, nikavifunga kifudifudi juu ya vifurushi ili visichafuke, tukatoka mbio na mvua juu yetu.

Wino mwingine ukabaki vidoleni. Mama mkwe kunipa mkono tu, akauliza, "Kwani Newala mmepiga kura tena?"

Siku ya sikukuu, tumetoka kanisani, pilau limeliwa, baba mkwe akavaa miwani, akageuza kikadi cha kwanza. "Amam," akasoma. "Amam ni nani hapa?" Akageuza cha pili. "Na huyu naye Amam!"

Mzee Hamisi, jirani yao aliyekuja kula sikukuu, akasema, "Hebu lete. Mnaanzia kushoto, ndiyo maana. Sisi tuliosoma Kurani chuoni tunaanzia kulia. Hapa ni MAMA." Nyumba nzima ikacheka, na mimi ndipo akili ikanirudia: muhuri huchongwa kinyume! Mjukuu wa mchongaji nimesahau, na herufi zenyewe M, A na U, ukizigeuza hazibadiliki, basi hata kwenye ndala sikushtuka. "Na hiki nacho MAMA," akaendelea Mzee Hamisi. Kumbe mvua imeisambaza ile U ya Maua ikawa M.

"Basi mama mwenye nyumba achague," akasema baba mkwe. Akachagua. Nikaitambua kamba niliyofungia, kifurushi kile kilikuwa cha Maua, lakini mkwe utasemaje mbele ya wakwe, "Mama, hicho si chako"?

Akakunjua kanga, na kanga lazima isomwe jina, naye macho yake hayaoni karibu, akampa Mzee Hamisi. "Hii imenyooka," mzee akasema, akasoma kwa sauti iliyofika barabarani: "NIKUMBATIE MPENZI, BARIDI IMEZIDI."

Mungu wangu! Baba mkwe akakohoa. Maua akafunika uso. Mama mkwe akaitazama kanga, akanitazama mimi, akatazama nje.

"Lupaso jua lote hili," akasema, "baridi ya wapi, mwanangu?"

Mwanangu! Akacheka mpaka akaegemea ukuta, akajifunga ile kanga palepale. Maua alipoomba wabadilishane akakataa katakata: "Sirudishi. Tangu niolewe hakuna aliyeniambia hivi." Baba mkwe akawa na kazi kubwa ya kufuta miwani.

Nimeapa, wembe na ndala havitakutana tena mkononi mwangu. Kesho yake baba mkwe alinisindikiza barabarani, akageuka nyuma kuhakikisha hakuna anayesikia, akaninong'oneza, "Mwanangu, hilo duka la Newala, kanga za namna ile zipo nyingine?"

Nikamwambia zipo, Baba, ila jina tuandike kwa kalamu.