Siku Niliyokwenda Msikitini na Sanduku Linaloimba

Mukitaka kucheka chekeni tu, kwa sababu kijiji chetu kizima cha Mbwajumali kimeshanicheka na watu wa Faza wakamalizia, hakuna aibu iliyobaki ya kuniongezea. Yule wa sanduku ndiye mimi.

Nilikuwa nimepeleka posa Faza kwa kina Mwanaesha (jina lake nalitaja kwa adabu, bado si wangu), na wazee wake, kabla ya kujibu, wakamtuma mjomba wake, Bwana Shee, aje kijijini kwetu kuulizia tabia zangu: ana kazi, ana heshima, na kubwa kuliko yote, huonekana msikitini? Kazi ninayo, ya bodaboda. Huko kuonekana ndiko kulikokuwa na shida, kwa sababu mtu wa bodaboda huswali pale swala inapomkuta, na kusema kweli kuna siku swala ilinitafuta isinione.

Basi rafiki yangu wa stendi ya Faza akanipigia simu, "Mjomba wa yule mtu yuko hapa ataka pikipiki ya kuja kwenu, njoo umchukue mwenyewe," nami nikaingia ndani mbio, nikavaa kanzu yangu ya Ijumaa, siku ya Jumanne, juu ya bukta ya kuchezea mpira (kikoi kilikuwa kambani hakijakauka), nikaikunja mpaka magotini, nikawasha pikipiki, nikamkuta Faza, nikajitambulisha kuwa mimi ndiye mposaji.

Bwana Shee ni mtu wa maneno machache. Njia nzima aliniuliza moja tu, "Kanzu hini waivaa kazini kila siku?" nikamjibu, "Karibu kila siku, Bwana," (Mungu anisamehe hiyo karibu).

Sasa pale mwanzo wa kijiji, hatua chache kabla ya msikiti, kuna banda la makuti la Bwana Famau, aliyekuwa mpishi wa meli, na kila bandari aliyoshuka wenzake wakinunua saa na redio yeye alinunua vinanda vya kutia ufunguo. Ana gramafoni yenye pembe ya bati kama ua la boga, ana kima wa bandia wa kupiga ngoma aliyepoteza kirungu kimoja (hupiga dum, halafu hewa, dum, halafu hewa), na ana sanduku la mbao la muziki, ukubwa wa cherehani, ambalo juu yake kuna mwanasesere wa Kizungu, mabega wazi, anayezunguka na kuinama. Chumvi ya bahari inavila vyote polepole. Mimi nikipita bila kuvisikiliza naona kama nimempita mgonjwa bila kumjulia hali. Nikajisemea, mjomba akiona mambo haya atajua mimi ni mtu wa moyo laini, nikamwomba tushuke dakika mbili.

Bwana Famau alikuwa anaondoka kwenda kutia udhu. "Chezesheni," akasema, "lakini breki imeoza. Ukishatia ufunguo, ngoja limalize lenyewe."

Nikatia kidogo. Mwanasesere akazunguka, akainama nusu, akakwama, akainuka kwa kishindo kama aliyeng'atwa na siafu, na Bwana Shee akatabasamu. Lile tabasamu ndilo lililoniponza, maana nikatia ufunguo mpaka mwisho, nikainama kumwonyesha magurudumu ya ubavuni, "Tazama, Bwana, meno yake ya shaba," na yale meno yakaushika mkono wa kanzu, yakaumeza hadi kiwikoni, na muziki ukaendelea vizuri tu.

Adhana ya Alasiri ikalia.

"Haya kijana, twende tukaswali."

"Bwana, nimeshikwa."

"Vua kanzu."

Nikaikumbuka bukta, ambayo nyuma ina dirisha. "Siwezi, Bwana."

Akashika njia yake. Nami nikapiga hesabu za mpumbavu: nisipoonekana msikitini leo, posa imekufa, bora nionekane nimechelewa kuliko nisionekane kabisa. Nikalibeba sanduku kifuani, nikamfuata, mwanasesere ananizungukia chini ya kidevu, na Bwana Shee kila nikiongeza mwendo naye aongeza.

Nilipofika barazani wameshakabiri, swala imeanza. Laiti ingekuwa Magharibi, imamu angesoma kwa sauti akanifunika, lakini Alasiri husomwa kimya, kimya kabisa, kwa hivyo rakaa nne nzima za Mbwajumali ziliswaliwa kwa muziki wa dansi la Kizungu, mimi nje nimelikumbatia sanduku ili nilizibe, nalo likiniimbia tumboni. Walipotoa salamu ya kulia, safu nzima ikageuka upande wa dirisha nililosimama, ikaniona. Mwanasesere akawainamia.

Bwana Famau akatoka bila hata viatu, akashika ufunguo, akaurudisha nyuma nusu, mkono wa kanzu ukatoka. "Nusu tu," akasema. "Mbona hukuniuliza?" Kisha akaanza kumpangusa mwanasesere, si mimi.

Nikamrudisha Bwana Shee hadi Faza. Aliposhuka ndipo aliposema, "Nimekuya kuuliza kama wenda msikitini. Nimeona wenda. Ambalo sikuliona ni wenda kwa ajili ya nani."

Jibu la posa likaja baada ya siku tatu: hawajakataa, ningoje kwanza, watamuuliza imamu wetu kama naonekana Alfajiri, swala ambayo mtu haendi kuonwa. Mwanaesha naye akanitumia ujumbe wa sauti, nusu yake kicheko, mwisho wake, "Usichoke."

Basi kanzu ya kuonwa na watu sivai tena, nimeapa. Alfajiri naenda, na sitawaficha, wiki ya kwanza nilikwenda kwa ajili ya Mwanaesha. Lakini juzi mvua ilinyesha vibaya, imamu mwenyewe hakutoka, hapakuwa na mtu wa kunipelekea habari Faza, nami nikaenda, nikaswali peke yangu, nikarudi nyumbani nimelowa na moyo mweupe. Sikumwambia mtu. Isipokuwa nyinyi sasa hivi, na thawabu zenyewe sijui zimebaki ngapi.