Aliyeolewa na Picha

Ombui aliporudi Nyansiongo mwaka 1974, baada ya miaka mitatu ya masomo ya kilimo cha umwagiliaji huko Tucson, Arizona, alikuta ana mke. Hakuchumbia, hakutuma mshenga, hata kwenye barua hakugusia. Mama yake, Nyanchera, alikuwa amepeleka ng'ombe kwa kina Bonareri, akamleta msichana nyumbani na kumwonyesha mumewe kwenye picha. Mnauona ujuba huo?

Picha yenyewe ilikuwa imekatwa kwa makasi. Ombui alisimama kando ya mdungusi, mmea wa miiba wa jangwani, mrefu kuliko nyumba, na begani pake palibaki vidole vinne vya mtu asiyekuwepo.

"Miezi minane natazama hivi vidole," Bonareri alimwambia, hata chai hajamwekea. "Ni vya nani?"

Angeweza kudanganya. Alikuwa fundi wa kudanganya. Lakini katika ule mji wa jangwa, ambako mvua ikinyesha watu hutoka nje kuitazama, yeye na Rafael, mwenye vidole hivyo, walifukuzwa kwenye nyumba ya wageni kwa kuomba chumba kimoja. Mwenye nyumba ya pili aliwapa ufunguo, na asubuhi akawauliza wanataka mayai ya kukaanga au ya kuchemsha. Pale mezani Ombui alitambua kwamba maisha yake yote alikuwa akila kwa woga, na alikasirika hadi akausukuma mkate kando.

"Ni vya Rafael," alisema. "Nampenda kama watu wanavyopenda wake zao."

Hasira zikampanda Bonareri. "Na mimi je? Nikirudi kwetu peke yangu watasema nimetoroka. Ng'ombe watadaiwa, baba atanilaani. Wewe ndiye utawaambia. Mbele ya watu!"

Kesho yake wazee wa ukoo walijaa uani kwa Nyanchera, wakingoja habari za Amerika. Ombui hakuwapa habari za Amerika.

"Huyu msichana hana kosa," alisema kwa ghadhabu. "Mimi sitaki mke. Nampenda mwanamume, yule aliyekatwa kwa makasi kwenye picha yangu."

Nyanchera hakumtazama. Aliwatazama wazee.

"Mwanangu alifia jangwani," alisema. "Na desturi yetu mnaijua. Mwana akifa bila mtoto, mke wake hubaki kwa mama mkwe, azae kwa jina la marehemu. Bonareri haendi popote."

Na wale wazee wakaitikia kwa vichwa! Mtu amesimama mbele yao, jasho linamtiririka, nao wanamzika. Ombui alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Hakuna aliyegeuza shingo.

Bonareri akatoka ndani na sanduku lake, akalitua miguuni pa Ombui.

"Marehemu, beba hili," alisema, kila mtu akisikia. "Unanipeleka kwetu Birongo, ukamwambie baba kwa mdomo wako."