Benchi la Mzee Nyakundi

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa tai. Ofisi ya shirika letu ilikuwa Kisii mjini, ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi la familia moja ya Kihindi. Msimamizi wa Miradi alinitazama kuanzia viatu hadi kichwa, akauliza, "Wewe umekuja kazi ama umekuja harusi?" Kabla ya saa sita nilikuwa Marani, matope magotini, tai mfukoni, nikitafuta jicho la chemchemi.

Jicho ni pale maji yanapochomoka ardhini. Ninyi vijana mna vifaa vya kisasa, lakini kanuni haijabadilika. Unachimba pole pole mpaka jicho lionekane, unalizungushia ukuta wa zege, unajaza mawe na changarawe ili maji yachujike, kisha unafunika kwa udongo wa mfinyanzi uchafu wa mvua usipenye. Hilo ndilo sanduku la chemchemi. Lazima pia uache bomba la kufurikia. "Ukiifungia maji kabisa," Msimamizi alikuwa akituambia, "itahamia kwa jirani." Nilimuuliza inahamaje, inajuaje njia, jirani yupi. Aliniambia nichimbe.

Mimi ni mdadisi wa kuzaliwa. Shuleni udadisi uliniponza, kazini ukanilisha. Ndiyo maana walinitoa kwenye ufundi wakanifanya Afisa wa Jamii, nikapelekwa upande wa Itumbe, kwenye mashamba ya chai.

Huko tulishirikiana na kampuni moja ya sabuni ya Nairobi. Kampuni ilileta mabomba na saruji, sisi tukaleta utaalamu, wenyeji wakatoa mawe, mchanga na jasho. Kampuni ilikuwa na ombi moja tu: mfereji wa koki wa kutekea maji uwe kando ya barabara, bango lao lionekane. Hatukuona ubaya. Chemchemi ilikuwa juu mlimani, maji yangeteremka yenyewe bila pampu, basi tukayafikisha hadi kituo cha kununulia majani ya chai. Mchungaji akaomba, mbuzi akachinjwa, tukala.

Wiki chache baadaye nilirudi nikakuta sakafu ya mfereji imekauka. Nikafungua koki, maji yakaruka mpaka kwenye suruali yangu. Maji yalikuwepo. Watu ndio hawakuwepo. Akina mama walipita na mitungi yao nyuma ya migomba, wakashuka bondeni, wakateka kwenye kijito ambacho ng'ombe wanakanyaga.

Miongoni mwao alikuwa Moraa, mke wa mwana wa Mzee Nyakundi, yule mzee aliyekuwa mwenyekiti wa kamati yetu ya maji. Binti yake mdogo alikuwa ametoka kulazwa kwa homa ya matumbo. Nilipomwona akijaza maji ya kijito yale yale, moyo uliniuma.

"Mama, mbona mfereji hamtaki?"

"Ile maji iko na harufu ya simiti," alisema, akaangalia kando.

Tukasafisha sanduku. Mwingine akasema maji ni baridi sana. Mwingine akasema njia inateleza, tukaweka mawe. Nikaitisha kikao. Wazee walizungumza kwa ufasaha mkubwa, akina mama wakatazama vidole vya miguu yao.

Kisha akaja Meneja wa Ufadhili kutoka Nairobi. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na wakubwa wake. "Sasa hii mradi ni ya nani kama hakuna mtu anateka?" aliniuliza. "Nitarudi mwisho wa mwezi. Nikikuta hivi, zile chemchemi zingine za huku tusahau. Tutapeleka kaunti ingine."

Sikulala vizuri. Kila siku nilimkuta Mzee Nyakundi kwenye benchi lake, hatua chache kutoka mferejini, na wenzake wa kamati pembeni yake. Wezi wa vyuma vikuukuu walikuwa wameanza kung'oa koki za watu, naye aliapa yake haitaibwa. Asubuhi hadi jioni hakubanduka. Nilimsifu kwa kila mgeni.

Aliyenifumbua macho ni bibi mmoja mkongwe aliyekuwa akipukuchua mahindi kizingitini. Aliniuliza ukoo wangu, akahesabu kizazi kwa kizazi, akacheka. "Kumbe wewe ni mjukuu! Na mjukuu anaambiwa yote. Keti." Kwetu nyanya na mjukuu hawaoneani haya.

"Mke wa mwanao akiinama kuteka maji, wewe uko nyuma yake kwa benchi, unaangalia wapi?"

Nilihisi masikio yakinichoma. Chinsoni! Heshima ile ya baba mkwe na mke wa mwana kuepukana, asiiname mbele yake, wasikaribiane ovyo. Nilizaliwa ndani yake, na bado nikaruhusu benchi la wakwe mbele ya mfereji.

"Mbona hawakusema kikaoni?"

"Wakwe walikuwa wapi? Si kikaoni?" Akanitupia punje ya mahindi. "Na wewe usiende kulitaja huko. Utamvua mzee nguo."

Kesho yake nilikaa na Mzee Nyakundi peke yetu. Nikazunguka weee, nikaongea bei ya majani, nikaongea mvua. Mwishowe nikasema, "Mzee, hapa unapoketi, jua linakuumiza macho."

Alitazama mawingu, maana siku hiyo hapakuwa na jua. Akatazama mfereji.

"Ni kweli," alisema. "Jua ya hapa ni kali sana."

Akainuka, akabeba benchi lake hadi upande wa pili wa kituo, akaketi akiupa mfereji mgongo. Wenzake wakamfuata bila kuuliza.

"Na wezi wa koki?" nilimuuliza.

"Niko na masikio."

Kabla ya saa sita Moraa alikuja. Alisimama kwanza nyuma ya migomba, akaitazama ile migongo ya wazee iliyojipanga. Kisha akaja, akainama, akafungua koki. Hakuna mzee aliyegeuka. Nililia, na sioni haya kusema.

Meneja aliporudi alikuta foleni, na chemchemi zile nyingine tulizijenga zote. Alitaka picha ya wazee na akina mama pamoja chini ya bango, tukampa picha ya mitungi.

Sasa nimestaafu. Majuzi mhandisi kijana alinitembelea nyumbani, akashangaa mandhari nzuri ya mabonde iko upande wa mfereji wetu wa nyumbani, nami nimeelekeza benchi langu kwenye ua wa miti.

"Mzee, si ugeuze hii benchi?"

Nyuma yetu koki ilifunguliwa, maji yakaanza kugonga mtungi. Alikuwa mke wa mwanangu.

"Keti hapa kando yangu," nikamwambia. "Usigeuke. Sikiliza tu."