Sista Yustina na Dereva wa Pili

Nakumbuka, mwanangu, nilikuwa kijana wa kujigamba kwamba hakuna jambo duniani litakalonishangaza. Ningeshangaa nini? Nilianza kwa kubeba magunia ya korosho mgongoni, darasa la pili sikulimaliza, na kabla sijaota mvi nilikuwa na lori langu mwenyewe. Matajiri wa mtaa wa Rahaleo walinipisha njia. Usicheke, walinipisha.

Basi mama yangu akalazwa wodi ya mahututi. Enzi hizo kulikuwa na vita ng'ambo ya Ruvuma, na majeruhi walivushwa kwetu hata vitanda havikutosha, wengine wakilazwa mikekani. Wodi nzima ilikuwa na nesi mmoja, Sista Yustina, mtu wa Songea. Nikija asubuhi yupo, nikija jioni yupo. Tulimsifu! "Sista, wewe ni chuma!" Mimi nikamnunulia na doti ya khanga kwa huo uchuma wake. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sisi tulimsifu mtu mzima wa afya mpaka akaugua.

Adhuhuri moja akaja na sindano. Bibi Somoe, aliyemzaa mama yangu na aliyekuwa akimuuguza, akamdaka mkono.

"Mwanangu Yustina, hii umemchoma sasa hivi tu."

Sista akaitazama sindano kana kwamba imeshikwa na mkono wa mtu mwingine. Akaketi sakafuni. Mimi nikapandisha sauti: "Unataka kuniulia mama yangu, wewe?"

"Hamisi, funga domo lako," Bibi akasema, wodi nzima ikisikia. "Lori lako lina madereva wangapi?"

"Wawili, Bibi."

"Wa nini wawili?"

"Mmoja akichoka atatupindua."

"Haya. Na huyu, mwenzake yuko wapi?"

Mwanangu, nilishangaa. Mimi!

Nikaenda kwa mkubwa wa hospitali, vifungo vya shati wazi. Akaniambia kwa upole kwamba fungu la nesi wa pili halipo. Fungu la dizeli ya jenereta lipo, la usingizi wa mtu halipo! Na jenereta yenyewe huzimwa ipoe. Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka. Punda afe mzigo wa bwana ufike: hiyo ni methali ya mwenye mzigo, punda hakuulizwa.

Nikasema, basi nitalipa mimi. Akakubali upesi mno, maana fedha si yake. Mtaa wa Chuno alikuwepo Mama Rehema, nesi aliyeacha kazi alipozaa. Akashika zamu mwezi mzima. Sista Yustina akaenda kulala. Aliporudi, kwa mara ya kwanza nikamsikia akicheka. Na mama akapona, akanizidi hata mimi kwa kelele.

Kwa hiyo, mwanangu, ukimwona mwokoa watu hakai chini, usimpigie makofi. Uliza nani anampokea. Kama hayupo, nenda kawapigie kelele wenye mafungu, hata kama hujui kuyasoma. Na ukiwa wewe ndiye nesi, likatae jina la chuma; chuma nacho hukatika. Mungu akupe moyo wa kuhudumia, akupe na mwenzio wa kukupokea.

Mimi sikusoma, lakini hesabu hii naijua. Fungu lile lililokosekana, lililobaki kidogo limzike mama yangu, halikufika hata bei ya tairi moja la lori langu: mshahara wa Mama Rehema wa mwezi ule, shilingi mia moja na tisini na mbili, na senti hamsini.