Mrija Uliobaki Chunguni

Watu wa Rumonge walinisifu kwamba najua kupatanisha. Nilizipenda sana sifa hizo, mjinga mimi, na leo nikizikumbuka natamani ardhi inimeze.

Nilikuwa fundi wa kushona kanzu. Enzi hizo za Wadachi nilishona barazani pamoja na mwanamume mmoja wa kijiji cha Kizuka, aliyesilimu mikononi mwangu. Baba yake alipofariki, kaka yake alimnyima sehemu ya michikichi, akidai kwamba aliyewatupa wazee kwa kuvaa kofia hana cha kurithi kwao. Walifikia kushikiana mapanga, ndipo wakaniita.

Njia yangu ilikuwa moja tu. Humjibu mwenzako mpaka urudie alichosema, na yeye akubali kwamba ndicho. Siku ya kwanza walirudia kwa dhihaka, nikawafukuza wote wawili, maana sina subira na watu wazima wanaofanya utoto. Siku ya tatu mdogo akasema, "Unasema iko unaumia kwa sababu siku ya kumuzika baba sikukuja. Ulimubeba peke yako."

"Ego, ndiyo," akasema mkubwa. "Ni vile." Akaanza kulia. Michikichi wakaigawana kabla ya adhuhuri, bila hata kubishana.

Kisha dada yao akaleta chungu cha pombe ya ndizi na mirija miwili. Kwa Warundi ugomvi haujaisha mpaka waliogombana wanywe chungu kimoja, na mimi nililijua hilo vizuri. Mdogo akanitazama. Nadhani ningenyamaza angekunywa. Lakini nilijiona mwalimu mbele ya watu, nikasema, "Huyu hanywi. Watakula ugali na samaki wa mukeke sahani moja, inatosha."

Mkubwa alimega tonge moja kwa kunistahi. Akauacha mrija wake chunguni, akasema amahoro, yaani amani, akaondoka. Nami nikarudi nyumbani nikijipongeza!

Mwezi haukwisha, boma la Wadachi likadai wapagazi, mtu mmoja kwa kila ukoo. Mkubwa akamtoa mdogo wake. Nilimwona akipita mbele ya baraza langu na kamba shingoni, amevaa kanzu aliyokuwa hajamaliza kuipinda. Nilikimbia mpaka Kizuka nikapiga kelele kama mwendawazimu.

Mkubwa hakunipigia kelele. "Alikataa chungu yangu," alisema. "Nikajua iko adui bado. Ndugu singemutoa."

Mdogo hakurudi. Kati ya waliotoka naye walirudi wawili, na wote wawili walipoliona baraza langu walipita njia ya ziwani ili nisiwaulize. Sijampatanisha mtu tangu hapo, na wakija kuniomba nawaambia waende zao.

Baadaye dada yao alikuja kuchukua nguo ambazo mdogo aliziacha kwangu. Alizikunja polepole, akasimama mlangoni.

"Mimi na yeye tumbo ni moja," alisema, "na mimi nakunywa. Nilikuwa nasimama pale na chungu. Mbona hukuniambia ninywe pahali pake?"

"Ingetosha?" nikamuuliza.

"Ingetosha, baba. Kwetu inatosha."

Siku tatu nzima niliwafundisha watu kusikilizana, na yule mwanamke sikumuuliza hata neno moja.